Duka la vyakula vya kwetu na kwenu, Unga Limited: maoni ya mteja

Mwenye haraka asome hapa aende zake: kwa mlenda mkavu, dagaa wa Kigoma, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa) na mawese, sijaona duka Arusha hii la kulishinda duka la nafaka lililoko mtaa wa Unga Limited, kwenye uchochoro unaotokea upande wa Daraja Mbili. Mchele usinunue pale, na sababu nitaitoa. Kibao halina. Ukishuka kwenye kifodi, gari dogo la abiria, uliza duka la mzee wa Kondoa, utaelekezwa hadi mlangoni.

Mwenye nafasi tukae kidogo, maana duka hili nalipenda kwa sababu kubwa kuliko bei.

Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga kama zilivyo nyingi za kule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani. Kaunta ni ubao tu. Mbele yake kuna magunia yaliyokunjwa midomo, kila moja na kikombe chake cha kupimia kimechomekwa ndani: ulezi, mtama, uwele, choroko, mbaazi, njugu mawe, karanga za Kondoa, mahindi ya kukoboa kwa wanaopika loshoro au makande. Kulia kuna ndoo zenye vifuniko, na humo ndimo mnakaa michembe, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa), unga wa udaga wa muhogo na mlenda wa aina mbili. Dagaa wako peke yao dirishani ili harufu itoke nje. Migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, imelazwa kwenye tenga, imefunikwa kitambaa. Mawese yako chini ya kaunta, mbali na jua, na vitunguu saumu vya Mbulu vinaning'inia darini kwa mafungu.

Anayeshika mizani ni binti wa mzee. Kabla ya kupima huigeuza upande wako uone inaanzia sifuri, kisha ndipo anamimina. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na sijamwona akiacha hata kwa mtoto aliyetumwa karanga za mia tano. Kwa mtaa ambao mtu hununua chakula cha leo kwa hela ya leo, gramu hamsini si kitu kidogo.

Nieleze mlenda, kwa sababu ndio ulionileta. Mimi ni Mnyiramba, nimezaliwa Kiomboi, Singida, nikaolewa huku kwa Wameru, watu wa ndizi na maziwa, watu wazuri ambao hawakuelewa kwa nini nautafuta mlenda kama dawa. Mlenda mkavu upo madukani Arusha, ila mwingi una mchanga. Majani yakianikwa chini kwenye udongo badala ya mkeka au bati, upepo unamaliza kazi, na yakishatwangwa hakuna tena namna ya kuyaosha. Niliwahi kununua pakiti nzuri, imeandikwa vizuri, katika duka moja kubwa la katikati ya mji, kwa bei ya karibu mara tatu ya hii. Tonge la kwanza meno yakasaga mchanga, sufuria nzima nikaimwaga.

Kwa mzee unaujaribu kabla ya kulipa. Anakuchotea kidogo kwenye kiganja, anadondoshea maji kutoka kwenye chupa aliyoitenga kwa kazi hiyo tu, nawe unasugua kwa kidole. Mlenda mzuri unavuta palepale, unashika kidole na kukifuata ukikiinua, na katikati ya vidole husikii chembe. Wenye mchanga unajitangaza wenyewe. Anao wa majani na wa bamia iliyokaushwa. Wa bamia unavuta zaidi, lakini wa majani ndio wenye harufu ya nyumbani. Ukiupika, magadi yawe kidogo sana, ncha ya kijiko, na karanga za kusaga zije mwishoni. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ifunguliwe mwaka 2018, mzigo wa Kondoa unafika Arusha siku hiyohiyo uliyopakiwa, na mlenda uliokuwa ukikaa wiki kwenye maghala ya njiani sasa unakuja mpya. Tofauti unaiona kwa macho: ule wa zamani ni wa kijivu, huu una ukijani.

Sasa nije kwenye daftari.

Chini ya kaunta kuna daftari nene la jalada gumu. Mteja akiuliza kitu ambacho hakipo, mzee hamjibu "hamna" akaishia hapo. Anaandika tarehe, kitu alichoulizwa, na mtu katokea mkoa gani. Jina haandiki. Kitu kikiulizwa tena na tena na watu tofauti, anawapigia watu wake: makondakta wa mabasi ya Singida na Mwanza, ndugu zake wa Kondoa, mama mmoja anayetuma mizigo kutoka Kigoma. Analeta kilo chache kwanza. Zikiisha anaongeza, zikikaa hazirudi tena. Mawese yaliingia dukani kwa njia hiyo, na nsansa pia, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo watu wa Tabora hawawezi kukaa bila hayo. Unga wa udaga ulikuja baada ya vijana wa Kanda ya Ziwa kuzidi kumiminika kwenye kazi za ujenzi, wengine kwenye uwanja wa mpira unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027. Senene wa Bukoba walijaribiwa wakashindwa. Bei yao haikuwa ya mtaa huu.

Nilipolipekua daftari lile, kwa ruhusa yake, nilisimama pale kaunta muda mrefu, maana nalijua daftari la namna nyingine. Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa, katika kata nyingine ya jiji hili. Nilichokijaza kwenye kishikwambi ni siri ya kisheria na hakimo humu. Ninayoyasema yote nimeyaona dukani. Lakini maswali yenyewe kila mtu aliyehesabiwa anayajua: umri, jinsi, ulemavu, ulikozaliwa, uraia, elimu, kazi, nyumba imeezekwa kwa nini. Kabila halimo. Dini haimo. Mara ya mwisho sensa ya nchi hii kuuliza kabila ilikuwa 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na tangu hapo swali limeachwa.

Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Mji wetu ndio uliokaa na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kuanzia 1995 hadi 2015, kesi baada ya kesi, katika jengo la mikutano la AICC ambalo tulikuwa tukilipita kwenda sokoni. Kule kabila liliandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho ndicho kilichoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mkazi wa Arusha aliyefuatilia kesi zile hatatamani kuona makabila yanapangwa kwenye jedwali lenye asilimia.

Hata hivyo watu wanaoishi pamoja wanahitaji kujuana. Mwalimu anahitaji kujua mtoto aliyenyamaza darasani lugha ya kwao ni ipi. Muuguzi wa kliniki anahitaji kujua mama huyu nyumbani anapika nini kabla ya kumpa ushauri wa lishe. Daftari la mzee linafanya kazi ile ambayo kishikwambi changu hakikuweza, tena bila kumuuliza mtu yeyote kabila. Linauliza tu umekosa nini jikoni.

Hesabu za serikali zenyewe zinasema kiasi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ilikuta 617,631. Hao ni zaidi ya watu 200,000 wa nyongeza kwa miaka kumi, karibu nusu ya waliokuwepo, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Kuzaliana peke yake hakuwezi kufikisha hapo. Watu wanahamia, na mtu anayehamia na begi moja hashukii Njiro wala Sekei. Anashukia Unga Limited, Ngarenaro, Sombetini, Daraja Mbili, Osunyai, kwenye chumba kimoja jirani na ndugu aliyetangulia. Ndiyo maana utaikuta nyumba moja vyumba vinne vyote ni vya watu wa Kondoa, na ya pili yake imejaa watu wa Same: kaka alileta mdogo wake, mdogo akaleta rafiki, rafiki akaja na mke.

Na si jambo la jana. Wenyeji wa Mlima Meru huu ni Waarusha na Wameru, na mashamba yao yaliuzunguka mji tangu ulipokuwa boma la Wajerumani na maduka machache ya Wahindi. Wasomali nao wana familia hapa tangu enzi za ukoloni. Reli ilifika mwaka 1929, ikashusha watu na mizigo. Mashamba ya kahawa na mkonge yakaita vibarua, kisha viwanda. Mtaa wenyewe umekua ukizunguka kiwanda cha kusaga unga. Baba yake mzee alitoka Kondoa kuja kuchuma kahawa upande wa Burka, baadaye akawa mpakizi wa magunia kiwandani, na mzee mwenyewe amezaliwa hapahapa. Mwaka 1967 mji mzima ulikuwa na watu 32,000 na ushei. Vikaja viwanda vya nguo na matairi, vingine vikafa, waliovifuata wakabaki. Yakaja madini ya tanzanite kule Mirerani, ukaja utalii, na kila wimbi lilipopita liliacha watu wake kwenye vyumba vya Unga Limited.

Nataka niseme jambo moja kwa uwazi. Wapo wakazi wa mji huu wakisikia Unga Limited wanafikiria vibaka tu. Wanapaongelea kama mahali pa kupita ukiwa umefunga kioo cha gari. Inaniuma. Wapagazi wanaopanda mlima na wageni wetu wanatoka kule. Wapishi wa kambi za mbugani, mafundi, akina dada wanaolea watoto wa Njiro, wasaga nafaka, wauza mboga wa soko la Kilombero, wanaamka kule saa kumi na moja alfajiri. Nenda dukani Jumamosi asubuhi uwaone.

Utamkuta mama wa Kasulu na mtoto mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtoto kapona kikohozi?"

"Kapona baba, tunashukuru. Migebuka ipo?"

"Ipo minne. Nimekuwekea miwili, miwili mwache na mwenzio."

Nyuma yake kijana wa Kisukuma, nguo zina saruji, anataka michembe nusu sado, lile kopo la kupimia. Mama wa Rombo anachagua ulezi, anaumimina toka kiganja kimoja hadi kingine na kuupuliza, na hataki kuharakishwa. Desemba ikikaribia na watu wa Kilimanjaro wanajiandaa kupanda nyumbani, ulezi humalizika kabla hujafika. Kijana wa Kiiraqw kutoka Mbulu kaleta mwenyewe vitunguu saumu vya shangazi yake, anaviuza kwa mzee na kuondoka na karanga. Mlangoni kakaa yeyo, yaani mama, wa Kiarusha na galoni lake la maziwa mgando. Yeyo huyu siku hizi hununua michembe kila wiki, anaichemsha na kuimiminia maziwa yake mwenyewe. Nilimuuliza nani kamfundisha, akaninyooshea kidole kwa kijana wa saruji. Mimi na yeyo tulibadilishana: nikampa mlenda nikamwelekeza kuupika, akanipa maziwa. Mlenda haukumpendeza na aliniambia hivyo bila kunificha. Michembe kwa maziwa mgando nimeihamishia nyumbani kwangu, na wakwe zangu wa Kimeru sasa ndio wanaoniuliza imeisha lini.

Dagaa. Wa Kigoma ni wembamba, wana rangi ya fedha, na ukimvunja mmoja anakatika kwa sauti. Mzee hawachanganyi na wa Mwanza, na hilo peke yake linatosha kunifanya nirudi, kwa sababu sokoni mchezo huo ni wa kila siku: juu Kigoma, chini Mwanza, bei moja. Wa Mwanza nao anao, kwenye gunia lao, kwa bei yao ya chini, na atakuambia mapema kwamba uwaoshe kwa maji ya moto na kumwaga maji ya kwanza kwa sababu wana mchanga. Sijasikia muuzaji mwingine akisema ubaya wa bidhaa yake kabla hajapokea hela.

Kasoro zipo na sitazifunika. Mchele anauita wa Magugu, na mwingi ni wa Magugu kweli, lakini nimeukuta umechanganyika na punje fupi ambazo haziivi pamoja na nyingine. Chini bokoboko, juu kiini. Nilimwambia, akasema anaupokea hivyo kwa anayemletea. Basi asiuuze kwa jina hilo, au abadilishe anayemletea. Mawese yanakuja kwenye chupa za maji zilizotumika, hazina tarehe, na chupa moja niliyochukua ilikuwa imeshachacha. Aliibadilisha bila maneno, ila mteja anayeonja mawese kwa mara ya kwanza hatajua kama ile ndiyo ladha yake au yameharibika, na hatarudi kuuliza. Hapo mzee abadilike. Kuandika tarehe kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ni kazi ya dakika moja, na binti yake ana mwandiko mzuri.

Nafasi ni finyu. Wateja watano wakiingia, wa sita anasubiri nje, na masika uchochoro ule ni tope na maji ya mtaro, kwa hiyo vaa buti au chukua toyo, pikipiki ya abiria, ikushushe mlangoni. Ijumaa mchana duka linafungwa kwa swala. Malipo ya simu yanapokelewa, ila makato unabeba wewe, na kwa mtu wa bidhaa za elfu moja makato hayo yanauma. Kukopesha hakopeshi wageni. Wa mtaani anawakopesha, nao wako kwenye daftari jingine ambalo sikuomba kulifungua.

Bei nilizokuta mara ya mwisho: mlenda wa majani kikombe 1,500, dagaa wa Kigoma robo kilo 9,000, mawese nusu lita 3,500, michembe sado 6,000. Hakuna kiwango cha chini. Ukiwa na mia tano unapimiwa cha mia tano, na utaulizwa hali ya nyumbani kama aliyenunua gunia. Watu wa huku juu, wa Sakina na Njiro, wanaonunua vyakula hivihivi kwenye pakiti za kupendeza, naona wanapoteza hela, na wanapoteza zaidi ya hela.

Nikipewa nafasi ya kumshauri kitu kimoja zaidi ningemwomba alete uwele uliosagwa tayari. Uwele mzima anao, lakini mashine za mtaa ule zinasaga mahindi kutwa nzima, na uwele wako ukipita baada ya mahindi unatoka umechanganyika. Wanyaturu na Wanyiramba tuko wengi kule, na ugali wa uwele kwa mlenda ndio hasa tunaoukumbuka. Nimeshaandikishwa kwenye daftari: "Singida, unga wa uwele." Juu ya mstari wangu kulikuwa na mistari mingine miwili ya Singida yenye ombi hilohilo, kwa hiyo nina matumaini kabla ya mavuno ya mwaka huu.

Anayetaka kwenda: mzigo wa Kigoma hufika Alhamisi jioni. Ijumaa nenda asubuhi, au alasiri wakishatoka msikitini. Jumamosi mchana migebuka usiitegemee. Ulezi wa Desemba agiza Novemba. Nenda na kikapu, na kama unachukua mawese beba chupa yako mwenyewe, iliyooshwa na kukauka kabisa. Mzee atakupimia kutoka kwenye dumu, na utayanusa kabla hajamimina.